Harufu ya mwindaji: kuiondoa, kuifunika au kuipisha?

Julai inapofika na msimu wa uwindaji kufunguliwa nchini Tanzania, wenye leseni hupeana mashauri yanayogongana. Huyu anaambiwa aoge kwa sabuni isiyo na manukato na afunge nguo zake kwenye mfuko wa plastiki hadi afike porini. Yule anaambiwa asioge siku tatu, aote moshi wa kuni, kisha ajipake mavi ya kuro. Wa tatu ametuma fedha nje kununua suti yenye tabaka la mkaa ndani. Na mfuata nyayo, ambaye ndiye atakayetembea mbele yao wote, amebeba kifuko cha majivu kiunoni na hana la zaidi.

Mashauri haya hayawezi kufaa yote kwa pamoja, na gharama ya kufuata lisilofaa si fedha peke yake. Swala anayemnusa mtu kutoka mita mia mbili huondoka akiwa mzima. Anayemnusa wakati bunduki imekwisha kuinuliwa hugeuka ghafla, na risasi iliyolengwa begani ikaishia tumboni. Mnyama wa namna hiyo hukimbia kilomita nyingi na kufa polepole, pengine bila kupatikana. Kwa hiyo swali la harufu ni pia swali la namna mnyama anavyokufa.

Hapa tunazungumzia uwindaji wa leseni tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na huko maarifa haya yanawafaa askari wa doria, watafiti na wapiga picha, ambao nao huhitaji kumkaribia mnyama bila kumtimua.

Ushauri uliosafiri mbali

Mkanganyiko una chanzo kinachoeleweka. Kanuni za mwaka 2020 zilizofungua mlango wa mabucha ya nyamapori zimefanya uwindaji halali uzungumzwe hata na watu ambao wazazi wao hawakuwahi kushika leseni. Mtu wa namna hiyo hana babu wa kumfundisha. Anatafuta maelezo, na maelezo yaliyo mengi na yaliyoandikwa vizuri yanatoka Marekani.

Ushauri wa Marekani uliandikwa kwa ajili ya uwindaji mwingine. Kule mnyama anayewindwa zaidi ni wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, mwenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka. Kwa ukoo si swala. Mwindaji hupanda mti alfajiri akiwa peke yake, hukaa juu ya kiti saa nyingi katika baridi ya vuli, na mara nyingi hutumia upinde unaomtaka mnyama afike mita ishirini au thelathini. Hatoki jasho kwa sababu hatembei. Amechagua mti wake wiki kadhaa kabla, kando ya njia ambayo mnyama huipita kila siku.

Sasa mtazame mwindaji wa pori la Rungwa, Tanzania, mwezi Septemba. Anafuata nyayo za palahala tangu saa moja asubuhi katika msitu wa miombo, yeye na mfuata nyayo na askari wa wanyamapori, pengine na mbeba maji. Kufikia saa tano jua limekwisha kuwaka na shati limelowa mgongoni. Hawajui mnyama atakuwa wapi atakapoonekana. Watu wanne wanaotembea na kutoka jasho hawawezi kuhudumiwa na ushauri wa mtu mmoja aliyekaa juu ya mti katika baridi, hata kama ushauri huo ulikuwa mzuri kule ulikozaliwa.

Pua ya swala na mwili wa mtu

Kabla ya kupima hoja za pande zote, inafaa kujua ni nini kinachopambana na nini.

Mwaka 1991 wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walieleza jinsi jeni nyingi zinavyotengeneza vipokezi vya harufu ndani ya pua, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha jeni hizo kwa wanyama kadhaa. Binadamu alikutwa na takriban 400 zinazofanya kazi, mbwa takriban 800, ng'ombe takriban 1,200, na tembo wa Afrika karibu 2,000. Idadi ya jeni si kipimo kamili cha ukali wa pua, na hakuna haki ya kusema ng'ombe ananusa mara tatu kuliko mtu. Lakini ng'ombe ni wa familia moja na swala, pofu, tandala na nyumbu. Tofauti hiyo inaonyesha kuwa mnyama wa familia hii hutenganisha harufu ambazo kwetu ni kitu kimoja.

Tena swala huishi kwa harufu. Digidigi hupaka ute mweusi kutoka kwenye tezi iliyo mbele ya jicho juu ya ncha za vijiti, na hivyo huweka mipaka ya eneo lake. Swala pala ana tezi zilizofunikwa na vishungi vya manyoya meusi juu ya kwato za miguu ya nyuma. Wengine wana tezi katikati ya kwato, na kila hatua huacha alama ardhini. Mwindaji anapoingia kichakani anaingia mahali palipojaa taarifa, naye anaongeza taarifa moja ngeni.

Upande wa mtu nao una mambo yake. Jasho likitoka tu karibu halina harufu. Bakteria wa ngozi ndio wanaolivunja, hasa la makwapani, na kutengeneza asidi zenye harufu tunayoifahamu. Ngozi nayo hupukutisha vipande visivyoonekana kwa jicho, maelfu kwa maelfu kila dakika, na baadhi yake hubeba bakteria. Kisha kuna pumzi. Mtu aliyetulia huvuta na kutoa lita saba au nane za hewa kwa dakika, na akipanda kilima huzidisha maradufu au zaidi. Pumzi hiyo ina kemikali nyingi zinazoruka, na hakuna vazi linaloizuia.

Chanzo cha harufu ya mtu, basi, ni kama kisima chenye chemchemi: ukichota, kinajaa tena. Hoja zote zinazofuata zipimwe kwa ukweli huu.

Wanaosema iondolewe

Kundi la kwanza linasema harufu ipunguzwe mpaka mnyama asiitambue. Zana zake ni sabuni isiyo na manukato, nguo zilizofuliwa na kuanikwa nje, dawa za kunyunyizia, mashine za ozoni, na suti zenye mkaa uliochomwa kwa namna maalumu hadi ukawa na vitundu vingi vya kunasa kemikali.

Hoja hii ina nguvu katika sehemu moja muhimu. Kuna harufu zinazotoka kwenye mwili na kuna harufu tunazojiongezea: petroli mikononi baada ya kujaza gari, sigara, uturi, mafuta ya nywele, mafuta mengi kupita kiasi kwenye mtutu wa bunduki. Hizi za pili hazina chemchemi. Ukizisafisha, haziendelei kujitengeneza. Sabuni ya kawaida isiyo na manukato na maji ya ndoo moja hufanya kazi hiyo kwa bei ambayo kila mtu anaimudu.

Udhaifu unaanza pale ahadi inapovuka hapo. Mkaa wa kunasa harufu ni kitu cha kweli, na unatumika kusafisha maji na hewa viwandani. Lakini vitundu vyake hujaa. Viwandani huusafisha tena kwa joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi, joto ambalo nguo haiwezi kulistahimili. Kuianika juani au kuitia kwenye mashine ya kukaushia hakufikii hapo. Mwaka 2002 mtafiti John Shivik wa Marekani alichapisha jaribio la mbwa wa kutafuta watu dhidi ya watu waliovaa nguo za namna hiyo na wasiozivaa. Mbwa waliwapata karibu wote, na hali ya hewa ilikuwa na uzito zaidi kuliko vazi. Suala hilo lilifika hadi mahakamani. Mwaka 2010 jaji wa mahakama ya shirikisho jimboni Minnesota aliona kuwa madai ya matangazo ya kuondoa harufu yote ya mtu si ya kweli. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitengua amri iliyotokana na uamuzi huo. Mabishano ya kisheria yalikuwa juu ya maneno ya tangazo. Kuhusu pua ya mnyama, hakuna mahakama iliyoamua kuwa imeshindwa.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo watengenezaji hawakulifikiria: joto. Suti yenye tabaka la ziada, ikivaliwa katika nyuzi 33 kwa mwendo wa saa nne, huzalisha jasho jingi kuliko shati jepesi la pamba. Chombo cha kuzuia harufu kinakuwa chanzo cha harufu. Tena kinamchosha mvaaji, na mtu aliyechoka hulenga vibaya.

Wanaosema ifunikwe

Kundi la pili lina mizizi mirefu zaidi, na kulidharau ni kosa. Katika jamii nyingi watu wamejipaka majani yaliyopondwa, wamekaa katika moshi, wamejisugua kwa mavi ya mnyama wanayemwinda. Hoja yao ni kwamba harufu ngeni ikizungukwa na harufu ya kawaida ya pori, mnyama hatashtuka.

Moshi ndio wenye utetezi bora. Kuanzia Juni hadi Oktoba misitu ya miombo huchomwa kila upande, na harufu ya moshi ni sehemu ya hewa ya msimu. Mnyama aliyeishi humo miaka mitano ameinusa kila kiangazi bila kufuatwa na madhara ya papo hapo. Pia moshi huua baadhi ya bakteria wa juu ya ngozi na nguo, kwa hiyo hupunguza kidogo na kufunika kidogo. Mbali na swala, moshi una kazi nyingine: katika maeneo ya mbung'o, wafuata nyayo huchoma mavi makavu ya tembo kwenye kopo ndani ya gari ili kuwafukuza wadudu hao, na mbung'o ndio wanaobeba malale.

Lakini kufunika si kufuta. Mtu anayeingia jikoni kulikopikwa pilau na sufuria ikaungua chini hunusa bizari na hunusa kuungua. Kimoja hakimezi kingine. Ikiwa pua yetu dhaifu inaweza kutenganisha hivyo, pua ya tandala itashindwaje? Mbwa wa polisi hugundua dawa za kulevya zilizofichwa ndani ya kahawa kwa sababu hiyohiyo. Harufu ya mavi ya kuro iliyoongezwa juu ya harufu ya mtu humwambia mnyama kwamba kuna kuro, na kuna mtu.

Na mavi yana hatari yake. Kupe hupenda mahali wanyama wanapolala na kunyea. Kimeta hujitokeza mara kwa mara kaskazini mwa Tanzania kwa mifugo, wanyamapori na watu, na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Anayejipaka matumbo au damu ya mzoga asioujua umekufa kwa nini anacheza na maisha yake kwa faida ambayo haijathibitishwa. Hapa mwandishi hana sababu ya kuwa na simile: desturi hiyo iachwe.

Wanaosema ipishwe na upepo

Kundi la tatu halijishughulishi na ukubwa wa harufu. Linauliza harufu inakwenda wapi. Mabaharia wa pwani wana maneno mawili ambayo wawindaji wa bara wangefaidika kuyaazima: upande upepo unakotoka ni goshini, na upande unakokwenda ni demani. Mwindaji akiwa demani ya mnyama, anaweza kunuka petroli na sigara na jasho la wiki nzima, na mnyama hatajua. Akiwa goshini, hata aliyeoga mara tatu amekwisha kutangazwa.

Hesabu ndogo inaonyesha ukali wa jambo hili. Upepo mwepesi wa mita mbili kwa sekunde, ule unaotikisa majani bila kuinamisha nyasi, hufika mita 300 kwa dakika mbili na nusu. Mwindaji anayenyatia kwa uangalifu huhitaji nusu saa au zaidi kuumaliza umbali huo. Katika nusu saa hiyo upepo unahitaji kugeuka mara moja tu, kwa dakika tatu, kuibatilisha kazi yote. Kwa hiyo kujua upepo unavuma wapi sasa ni nusu ya maarifa. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kujua utavuma wapi baada ya nusu saa.

Bahati nzuri, pepo zetu zina tabia. Julai hadi Septemba ni majira ya kusi, na sehemu kubwa ya nyika za Tanzania hupata upepo wa kusini-mashariki mchana kutwa kwa uthabiti wa kutegemewa. Mwindaji wa Agosti anaweza kupanga njia yake usiku uliotangulia: aanzie kaskazini-magharibi ya eneo na kuingia akiupokea upepo usoni. Oktoba na Novemba ni habari nyingine. Kusi inachoka, kaskazi haijaja, na pepo hubadilika kila saa. Pwani huita kipindi hicho maleleji. Ndiyo sababu mbinu iliyofaulu Agosti hushindwa Novemba mahali palepale, na mtu akaanza kuilaumu sabuni.

Juu ya upepo wa majira kuna upepo wa siku. Kwenye vilima, hewa iliyopoa usiku huteremka bondeni kabla ya jua kupanda, kwa hiyo alfajiri mwindaji anapaswa kuwa chini ya mnyama. Jua likishachoma miteremko, yapata saa tatu, hewa hugeuka na kupanda, na aliyekuwa mahali salama sasa yuko pabaya bila kusogea hata hatua moja. Kando ya Ziwa Rukwa au Ziwa Victoria, mchana hewa hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hurudi. Katikati ya mchana, tambarare iliyochomwa na jua hutoa vimbunga vidogo vya vumbi; ukiviona vikizunguka, jua kwamba kwa saa tatu au nne zijazo hakuna upande unaoweza kuitwa demani kwa uhakika.

Hapo ndipo kuna biashara ya kupata na kupoteza ambayo haisemwi vya kutosha. Asubuhi na mapema hewa imetulia, na harufu hukaa chini, nzito, na kusafiri mbali bila kutawanyika. Mchana hewa ya moto huipandisha na kuipasua vipande. Mtu angeweza kudhani mchana ni afadhali. Lakini harufu nzito inayokwenda upande mmoja unaojulikana ni rahisi kuiongoza kuliko harufu hafifu inayokwenda kila upande. Asubuhi inashinda, na inashinda kwa sababu inatabirika.

Kifuko cha majivu kinapata maana yake hapa. Kitambaa chembamba chenye majivu laini, kikitikiswa kidogo kila baada ya hatua ishirini au thelathini, huonyesha mkondo wa hewa ambao ngozi ya uso haiusikii. Hakionyeshi kilichopo mita mia mbele, na huo ndio upungufu wake mkubwa: korongo, kichuguu au ukingo wa msitu unaweza kuupinda upepo baada ya mwindaji kuupima. Mfuata nyayo mzoefu hutazama pia nyasi za mbali, moshi, vumbi la kundi linalotembea, na hata mbawa za ndege wanaotua, kwa kuwa ndege hupenda kutua wakielekea kunakotoka upepo.

Udhaifu wa kweli wa kundi hili ni kwamba linadai gharama ambayo wengi hawako tayari kuilipa: kurudi nyuma. Nyayo za pofu zikielekea demani, mwindaji aliye nyuma yake yumo goshini, na anapaswa kuziacha, azunguke kilomita mbili au tatu, na pengine asizipate tena. Mwenye leseni ya siku chache aliyelipia gari na mafuta huona kuzunguka ni kupoteza muda. Hivyo huendelea mbele, na usiku huo hutafuta dawa ya kunyunyizia.

Wanaosema usitembee

Kuna hoja ya nne isiyohusu sana harufu ya mtu kwa siku moja, bali harufu anayoieneza kwa kutembea. Anayetembea huacha njia ya harufu nyuma yake na kusukuma nyingine mbele. Anayekaa huacha doa moja. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi huvizia kwenye visima vya maji mwishoni mwa kiangazi, wakiwa nyuma ya uzio wa mawe na matawi, kwa sababu maji yakiwa machache wanyama watakuja tu. Uzuri wa kuvizia ni kwamba mahali huchaguliwa mara moja, upepo ukipimwa kwa utulivu, na mwili hautoi jasho. Kwa nzohe, anayeishi katika matete ya vinamasi, kuvizia kutoka jukwaani karibu ndiyo njia pekee yenye maana. Kimo kidogo pia husaidia, kwa kuwa harufu hupita juu ya mnyama aliye karibu kabla ya kushuka mbali zaidi.

Hasara yake ni kwamba inamfaa mnyama mwenye mazoea na kumkosa asiye nayo. Kuro hakai mbali na maji. Pofu na choroa wanaweza kukaa siku nyingi bila kunywa. Tena mwenye leseni ya kawaida hawezi kuiga kila anachokiona. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza sumu, mitego ya nyaya na mashimo, na kabla ya kujenga kificho kando ya maji ni wajibu kusoma masharti ya leseni na kumuuliza ofisa wa wanyamapori kuhusu umbali unaoruhusiwa.

Je, harufu ndiyo inayotufichua?

Wapo wanaosema sote tumepotoka, kwamba swala wa tambarare hutumia macho kwanza. Katika nyika za Longido na Simanjiro, swala granti humwona mtu wima kabla upepo haujamfikishia chochote. Kongoni husimama juu ya kichuguu akawa mlinzi wa kundi zima, pamoja na pundamilia walio karibu. Wako sahihi kwa mahali hapo. Na kule Kalahari, mtafiti Louis Liebenberg aliwaandika wawindaji wa Kisani wanaomkimbiza tandala mkubwa katika joto la mchana mpaka mnyama anazidiwa. Hao hawafichi harufu wala sura, kwa sababu silaha yao ni uvumilivu.

Hoja hiyo ya macho ina mpaka wake, hata hivyo. Swala anayeona kitu asichokielewa mara nyingi husimama na kutazama, hunyanyua kichwa, hata husogea hatua mbili aone vizuri. Jicho huuliza kabla ya kuamini. Akinusa mtu, hasa mahali anapowindwa, huwa hangoji uthibitisho. Mwendo uliokosewa unaweza kusahihishwa kwa kuganda dakika kumi. Harufu ikishafika haiitwi ikarudi.

Na maana ya harufu yenyewe hufundishwa. Swala tomi wa nyanda za Ngorongoro hula majani karibu na ng'ombe na wachungaji wa Kimaasai, wakiwanusa kila siku, na hawakimbii. Waliochunguza swala pala katika mfumo wa ikolojia wa Serengeti waliwakuta wa nje ya hifadhi, wanakowindwa, wakikimbia mtu kutoka mbali zaidi kuliko wa ndani. Kwa maneno mengine, kila kunyatia kulikoharibika kunamfundisha mnyama, na somo hilo atakutana nalo mwindaji wa kesho. Kitalu kinachowindwa ovyo Julai huwa kigumu Septemba, na hakuna sabuni inayofuta kumbukumbu.

Uzito wa kila hoja

Zikiwekwa kwenye mizani, hoja hizi hazilingani. Upepo unazishinda nyingine zote kwa sababu ndio pekee unaoweza kuifanya harufu isifike kabisa. Zote zilizobaki zinajaribu kuipunguza ikiwa imekwisha kufika. Kuvizia kunafuata, kwa mnyama wa maji na wa matete. Katika tambarare wazi, macho yapewe nafasi ya kwanza mpaka umbali upungue, kisha upepo urudi kuwa bwana. Katika vichaka vizito vya pongo na paa, mtu huonekana akiwa karibu mno, na pua ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Huko siku ya upepo wa kuyumba ni siku ya kupumzika.

Usafi una kazi, lakini ndogo na ya bei rahisi: kuondoa petroli, uturi na sigara. Dawa ya kufukuza wadudu isiachwe kwa hofu ya harufu mahali penye mbung'o na mbu, kwani afya ya mtu ni kubwa kuliko kitoweo. Moshi haudhuru na unaweza kusaidia kidogo. Mavi na matumbo hayana faida inayolingana na hatari yake. Suti ya mkaa, kwa mwindaji anayetembea kwenye joto letu, haistahili fedha zake.

Ipo pia silaha isiyotajwa kwenye matangazo, nayo ni umbali. Mwenye upinde lazima akaribie sana, kwa hiyo kosa dogo la upepo humwangusha. Mwenye bunduki iliyopimwa vizuri na mkono uliozoezwa anaweza kumaliza kazi kutoka mita 120 akiwa ameegemea mti, na hana sababu ya kulazimisha mita 40 za mwisho, ambako ndiko upepo humsaliti. Saa mbili za mazoezi ya kulenga zinapunguza tatizo la harufu zaidi kuliko chupa yoyote ya kunyunyizia.

Wanaowafundisha wawindaji wapya, na wale wanaowapa leseni, wangefanya jema kuweka somo la upepo mbele ya orodha ya vifaa: mwezi gani kusi inashika, saa ngapi hewa ya mteremko inageuka, majivu yatikiswe wapi. Na wewe unayejiandaa kwa Julai ijayo, kabla ya kununua chochote, toka nje alfajiri siku kumi mfululizo ukiwa na majivu mkononi, uone yanakwenda wapi. Kisha, siku majivu yatakapogeuka kwenda mbele yako ukiwa mita mia kutoka kwa tandala mwenye pembe ndefu kuliko zote ulizowahi kuziona, mwache. Rudi kesho kwa upande mwingine.